«Granite à étain» si «graniti yenye kasiterite»: somo la jiokemia kwa mwanafunzi wa lugha

Utangulizi

Katika Kifaransa cha wanajiolojia kuna istilahi mbili ambazo sarufi peke yake haiwezi kuzitofautisha: «granite à deux micas» na «granite à étain». Zote mbili zina umbo moja: nomino, kihusishi «à», halafu nomino nyingine. Ya kwanza inataja graniti ambayo ukiishika mkononi unaona mika za aina mbili, nyeusi na nyeupe, zikimetameta. Ya pili inataja graniti ambayo ukiishika mkononi, mara nyingi huoni bati hata punje moja.

Mwaka jana niliombwa nitafsiri kwa Kiswahili karatasi ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa ajili ya kikundi cha wachimbaji wadogo, huko Kivu Kusini. Istilahi hizo mbili zilikuwa katika ukurasa mmoja. Nilizitafsiri kwa namna moja: «graniti yenye mika mbili» na «graniti yenye kasiterite». Niliacha neno «bati» kwa makusudi, kwa sababu kwa watu wengi wa kwetu bati ni lile la kuezekea nyumba, nikaweka jina la jiwe ambalo wachimbaji wanalitaja kila siku. Nilijisifu moyoni kwamba nimefikiri juu ya msomaji.

Niliporudi pale kwa ajili ya utafiti wangu wa istilahi, mzee mmoja kiongozi wa timu alinionyesha shimo. Yeye na vijana wanne walikuwa wameacha mshipa mwembamba wa kwatsi katika shisti, wakaenda kupasua graniti ngumu iliyokuwa chini ya kilima. Mchimbaji asiyepata mawe halipwi, lakini chakula anachokopa kinaandikwa. Mzee aliniuliza bila hasira: «Mwanangu, karatasi inasema graniti iko na kasiterite. Tumechimba posho tatu. Sasa iko wapi?»

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu nililolitafuta baadaye. Mimi si mwanajiolojia. Nimesoma jiokemia ya graniti kwa lazima, ili nijue kosa langu lilikaa wapi. Nitaonyesha kwamba uhusiano wa graniti na bati si wa chombo na kilichomo. Ni mfululizo wa matendo, na anayetafsiri kwa nomino na «-enye» anayafuta matendo yote hayo kwa mara moja.

1. Neno «madini» linabeba vitu vitatu

Tuanze na neno letu wenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku, «madini» ni bati lenyewe, ni kasiterite, na pia ni jiwe zima linalotolewa shimoni. Kwa mazungumzo ya sokoni hilo halina ubaya. Kwa somo letu ni lazima tuvitenge.

Kwanza kuna elementi, yaani bati kama aina ya atomi. Alama yake ni Sn, kutoka Kilatini «stannum». Atomi za bati zipo karibu katika kila mwamba, zimetawanyika. Katika sehemu ya juu ya ukoko wa dunia, tani moja ya mwamba ina takriban gramu 2 tu za bati. Tungsteni, ambayo wachimbaji huita wolframu, nayo ni karibu gramu 2 kwa tani.

Pili kuna madini kwa maana finyu: kitu kigumu chenye mpangilio maalumu wa atomi. Kasiterite ni atomi moja ya bati na mbili za oksijeni, SnO₂. Kwa uzito, karibu asilimia 79 ya kasiterite safi ni bati. Wolframite ni tungsteni na oksijeni pamoja na chuma na manganizi.

Tatu kuna jiwe lenye faida kulichimba. Wachimbaji wa dhahabu wa Tanzania huliita «mbale», na ningependa neno hilo lizoeleke huku kwetu. Mbale ya bati yenye asilimia 1 ina kilo 10 za bati katika tani moja. Bisie, katika Walikale, kuna mbale yenye zaidi ya asilimia 4, yaani zaidi ya kilo 40 kwa tani, na ni miongoni mwa mbale tajiri kabisa za bati duniani. Linganisheni: kutoka gramu 2 mpaka kilo 40 ni mara 20,000.

Swali lote la jiokemia hapa ni hilo: ni nani aliyezikusanya atomi zilizotawanyika, mara elfu nyingi, mahali pamoja? Ona pia kwamba nilipobadilisha «étain» kuwa «kasiterite», niliruka kutoka ngazi ya kwanza mpaka ya pili. Mwandishi alisema juu ya atomi; mimi nikasema juu ya punje zinazoonekana. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa «-enye».

2. Kupokelewa na kukataliwa

Graniti huanza kama mwamba ulioyeyuka, magma, chini sana ardhini. Magma haigandi yote kwa wakati mmoja. Inapopoa, fuwele za kwanza zinajitenga, kisha nyingine, na kila mara sehemu iliyobaki ya uji inapungua na kubadilika.

Kila fuwele inajengwa kwa mpangilio wenye nafasi za ukubwa maalumu, kama nyumba ambayo vyumba vyake vimepimwa. Kalisi ina nafasi yake katika feldispa; chuma na magnezi katika mika nyeusi, bayotite; titani katika ilmenite na titanite. Elementi ambayo ukubwa wake na chaji yake ya umeme vinalingana na nafasi hupokelewa. Isiyolingana hukataliwa, inabaki katika uji. Kifaransa husema «élément compatible» na «élément incompatible». Sikuona haja ya kukopa. Kiswahili kina kauli ya kutendwa: elementi inayopokelewa, na elementi inayokataliwa.

Linalofuata analijua yeyote aliyepika. Mchuzi ukisahauliwa motoni unazidi chumvi. Hakuna aliyeongeza chumvi. Maji yameondoka na chumvi haikuondoka nayo. Katika magma kinachoondoka si mvuke, ni fuwele, lakini hesabu ni ya namna ileile: elementi inayokataliwa inazidi kukolea katika uji unaopungua.

Hesabu hiyo ina kanuni, inayoitwa kwa jina la Rayleigh. Tuchukue magma inayoanza na gramu 3 za bati kwa tani, na tuiache igande mpaka ibaki sehemu moja tu ya kumi. Kiwango cha kupokelewa tutakiandika D: kikiwa sifuri, fuwele hazichukui bati kabisa, kikiwa 1, zinachukua sawa na uji, kikizidi 1, fuwele zinalipenda bati kuliko uji.

Ikiwa D ni 0.1, uji wa mwisho una karibu gramu 24 kwa tani.
Ikiwa D ni 0.5, una karibu gramu 9 na nusu.
Ikiwa D ni 1, unabaki na gramu 3 zilezile.
Ikiwa D ni 1.5, unabaki na chini ya gramu 1.

Magma ni moja na mwanzo ni mmoja, lakini miisho ni minne. Graniti inayoitwa ya bati si lazima iwe ilizaliwa na bati jingi. Ni ile ambayo fuwele zake zililikataa bati kwa muda mrefu, mpaka likakusanyika katika uji wa mwisho.

Muda huo unarefushwa na elementi tatu: florini, lithi na boroni. Zikiwa nyingi, magma inabaki nyepesi na yenye kutiririka hata katika joto la chini kuliko kawaida, kwa hiyo fuwele zinaendelea kujitenga na uji unaendelea kukolea. Ndiyo sababu karibu na graniti za namna hii tunakuta turmalini, ambayo ina boroni, na mika zenye lithi na florini.

3. Bati lina sura mbili

Kwa nini basi magma moja ina D ya 0.1 na nyingine 1.5? Sababu kubwa ni kiasi cha oksijeni iliyo huru kufanya kazi ndani ya magma.

Atomi ya bati inaweza kupoteza elektroni mbili au nne. Oksijeni ikiwa nyingi, inapoteza nne. Bati la chaji nne ni dogo, na linafanana vya kutosha na titani. Linakaribishwa katika vyumba vya titani: katika titanite, katika magnetite, katika bayotite. Fuwele hizo zinajitenga mapema na kuondoka nalo. Mwishoni bati lote limesambazwa katika graniti nzima, kidogo huku, kidogo kule, na hakuna atakayelikusanya tena.

Oksijeni ikiwa haba, bati linapoteza elektroni mbili tu. Bati la chaji mbili ni kubwa na halina chumba kinacholifaa. Linakataliwa, linabaki, linakolea.

Tungsteni haina tabia hiyo. Katika magma nyingi inabaki na chaji ya juu, sita, na chaji hiyo haipati nafasi kwa urahisi katika fuwele za kawaida za graniti. Kwa hiyo tungsteni haijali oksijeni kama bati linavyojali. Ndiyo maana bati na tungsteni mara nyingi hutembea pamoja, lakini tungsteni inaweza kuonekana hata pale ambapo bati limekwisha kutawanywa.

Mjapani Shunso Ishihara aliweka utaratibu katika jambo hili mwaka 1977. Aligawa graniti katika jamii mbili: za magnetite, zilizoganda penye oksijeni zaidi, na za ilmenite, zilizoganda penye oksijeni haba. Mbale za bati huambatana na jamii ya ilmenite. Mgawanyo wake una uzuri mmoja kwa mtu wa shimoni: magnetite inavutwa na sumaku. Graniti iliyopondwa, ikiwa unga wake unashika sana sumaku iliyotolewa katika spika mbovu ya redio, ina dalili ya kuwa ni ile iliyotawanya bati lake. Ni dalili tu, si hukumu. Mwamba uliooza kwa mvua na jua unaweza kupoteza magnetite yake, na sumaku isiseme kitu.

Na kwa nini magma moja iwe na oksijeni haba? Mara nyingi ni kwa sababu ya kile kilichoyeyuka. Matope ya kale yenye mabaki ya viumbe yana kaboni, na kaboni hula oksijeni. Graniti iliyotokana na kuyeyuka kwa miamba ya matope hurithi hali hiyo. Mwaka 1974 Chappell na White, wakifanya kazi Australia, walizipa graniti za asili hiyo herufi S, wakizitenga na zile za herufi I zilizotokana na miamba ya moto.

4. Kinachotoka, na mahali kinapokwenda

Hapa ndipo penye jibu la swali la mzee. Tumekwisha kuona kwamba magma, hata ikifanya kazi vizuri, inafikisha bati gramu 24 kwa tani. Tuseme hata 40. Mbale inahitaji maelfu ya gramu. Graniti peke yake haifiki.

Chukueni hesabu ya timu ile. Tani moja ya graniti yenye gramu 24 za bati, kama bati lote lingekuwa kasiterite, ingetoa kama gramu 30 za kasiterite. Kwa kuwa kasiterite ni nzito, karibu mara saba ya maji, gramu 30 hazijazi kijiko cha chai. Na hata hicho kijiko hakipo, maana sehemu kubwa ya bati hilo imejificha ndani ya mika, atomi moja moja, mahali ambapo hakuna nyundo wala karai ya kuoshea itakayolitoa.

Kazi iliyobaki inafanywa na maji. Uji wa mwisho wa graniti una maji mengi yaliyoyeyushwa ndani yake. Uji unapokaribia kuganda wote, maji nayo yanakataliwa na fuwele. Yanajitenga, yakiwa na joto la mamia ya nyuzi na chumvi nyingi. Klorini iliyomo inashikana na bati la chaji mbili na kulibeba. Shinikizo linapasua paa la graniti na miamba iliyo juu yake, na maji yanapanda katika nyufa.

Huko juu hali inabadilika. Maji yanapoa, yanakutana na maji mengine, yanagusa miamba mipya. Bati linapoteza elektroni mbili zaidi, linaachana na klorini, linashika oksijeni, linaganda: hiyo ndiyo kasiterite. Tungsteni, iliyobebwa na maji hayohayo, ikikuta chuma na manganizi inakuwa wolframite. Ikikuta kalisi inakuwa sheelite. Silika inajaza ufa na kuwa mshipa wa kwatsi. Pembeni, maji yanakula feldispa na kuacha mwamba wa kwatsi na mika nyeupe, unaoitwa greiseni.

Kwa hiyo bati liko wapi? Liko mahali lilipokwenda. Mara nyingi ni katika kilele cha graniti, katika greiseni, na katika mishipa ya kwatsi inayopita kwenye shisti na miamba ya mchanga iliyo juu na pembeni. Bisie, niliyoitaja, mbale yake imo katika shisti. Yule mzee aliacha mahali lilipokwenda, akafuata mahali lilipotoka, kwa sababu karatasi yangu ilimwambia kwamba bado limo.

Lazima niseme pia kwamba «ndani» si uongo kila mahali. Manono, katika Tanganyika, kasiterite ilichimbwa katika pegmatiti, pamoja na koltani, na leo watu wanaitazama kwa ajili ya lithi. Pegmatiti ni ule uji wa mwisho wenyewe, uliosukumwa nje ya graniti na kuganda kwa fuwele kubwa. Huko kasiterite imo ndani ya mwamba wa magma, lakini ni ndani ya kilichotoka, si ndani ya graniti iliyokitoa.

5. Si kila graniti ya kwetu

Mtu anayepita katika Kivu, Maniema na kaskazini ya Katanga ya zamani anakutana na graniti nyingi. Zamani milima hii yote ilihesabiwa kuwa ukanda mmoja wa Kibara, kuanzia Katanga mpaka Uganda. Siku hizi watafiti wengi wanatenga Kibara ya Katanga na ukanda wa Karagwe-Ankole unaopita Kivu, Rwanda, Burundi, kaskazini-magharibi mwa Tanzania na Uganda.

Utafiti wa umri uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya graniti hizi iliganda kama miaka milioni 1,375 iliyopita. Graniti za bati ni wadogo zao wa mbali: zina miaka karibu milioni 986. Kati ya kundi la kwanza na la pili kuna karibu miaka milioni 400. Graniti za bati ni chache juu ya uso wa ardhi. Sehemu kubwa bado imefunikwa, na tunajua kwamba zipo kwa sababu mishipa na pegmatiti zimetangulia kujitokeza.

Upande wa Rwanda jirani mambo yanaonekana wazi. Rutongo, kasiterite imo katika mishipa ya kwatsi inayokata miamba migumu ya mchanga. Nyakabingo, wolframite imo katika mishipa inayokata shisti nyeusi zenye kaboni. Katika sehemu hizo mbili mchimbaji hachimbi graniti.

Basi mwanajiolojia anaitambuaje graniti iliyofanya kazi, ikiwa bati lenyewe limeondoka? Anauliza mashahidi waliobaki. Rubidi inafuata potasi na hukolea mwishoni. Stronti inafuata kalisi na huondoka mapema na feldispa. Ukigawa rubidi kwa stronti katika ukoko wa juu wa kawaida, unapata karibu 0.3. Katika graniti iliyokwenda mpaka mwisho wa safari, hesabu hiyo inaweza kupita 10. Vivyo hivyo zirkoni na hafni, niobi na tantali: ni ndugu wanaotembea pamoja katika magma za kawaida, na ukiona wameanza kuachana, ujue uji ule ulipungua sana. Kwa maneno mengine, mwanajiolojia hasomi kilichomo; anasoma alama za kilichotendeka.

6. Kutafsiri upya

Turudi kwenye kihusishi. Sote tulifundishwa shuleni tofauti ya «une tasse de café» na «une tasse à café»: ya kwanza ina kahawa ndani, ya pili ni kikombe cha kahawa hata kikiwa kitupu kabatini. Niliijua tofauti hiyo tangu sekondari, na sikuitumia nilipoihitaji. «À» ya «granite à deux micas» inataja kilichomo. «À» ya «granite à étain» inataja kazi, ukoo, historia. Mwanajiolojia hachanganyikiwi, kwa sababu analeta maarifa yake kwenye kihusishi. Mfasiri asiye na maarifa hayo anabaki na umbo tupu, na umbo tupu linamdanganya.

Kiswahili chetu cha mashariki ya Kongo kiliongeza uzito wa kosa. Niliandika «yenye», kwa Kiswahili cha vitabu. Mzee alisoma «iko na», kama sisi sote tunavyosema. Na «iko» ndani yake ina «-ko» ya mahali. Katika kinywa chake sentensi yangu haikuwa tena sifa ya graniti. Ilikuwa maelekezo ya njia. Ndiyo maana aliuliza «iko wapi?». Alikuwa amesoma vizuri kabisa nilichoandika.

Ningeweza kuandika «graniti ya bati». Kiunganishi «-a» kina upana uleule wa «à», na kwa mwanafunzi wa chuo kingetosha. Lakini upana huo hauna kazi kwa mtu anayechagua mahali pa kupiga nyundo. Niliona afadhali kuachana na nomino na kurudi kwenye vitenzi. Napendekeza tuseme «graniti iliyotoa bati» na «graniti iliyotawanya bati». Ya kwanza ni ile iliyolikataa, ikalikusanya, ikalisukuma nje. Ya pili ni ile iliyolipokea katika fuwele zake na kulisambaza. Wataalamu wa Kifaransa husema «fertile» na «stérile», lakini sitaki kusema «graniti tasa», kwa sababu picha ya uzazi inamrudisha msomaji kwenye tumbo, yaani ndani.

Majina yaliyosimulia tendo si mageni katika elimu hii. Tungsteni ni neno la Kiswidi lenye maana ya «jiwe zito». Ndicho alichohisi mtu aliyeliinua. Lakini Waswidi wenyewe leo husema «volfram», na alama ya elementi hiyo ni W. Jina hilo linatoka kwa wayeyushaji wa bati wa Ujerumani: waliona kwamba jiwe hilo likichanganyika na mbale, bati linapungua, kama kondoo mbele ya mbwa mwitu. Mmoja alitaja kitu kwa uzito wake, mwingine kwa kinachotenda.

Hitimisho

Nilipeleka karatasi mpya. Kifungu kile sasa kinasema hivi: «Graniti hii ilitoa bati. Msilitafute katikati yake. Litafuteni katika kilele chake, palipo na mika nyeupe nyingi, na katika mishipa ya kwatsi inayopanda kwenye shisti iliyo juu na pembeni.» Ni maneno mengi kuliko «granite à étain». Sijuti.

Mzee alisoma polepole, akarudia neno «ilitoa» mara mbili. Kisha akasema: «Sasa hii ndiyo tulikuwa tunaona siku zote. Ule mshipa tuliuacha.» Posho tatu zake hazikurudi, na deni la chakula la vijana wale halikufutwa na sarufi yangu.

Kwa wenzangu wa isimu natoa neno moja. Tunapotafsiri elimu ya mawe, ya dawa au ya sheria, tunakimbilia kubishana juu ya nomino: tuseme graniti au itale, bati au etaini. Mabishano hayo yana nafasi yake. Lakini kosa langu halikukaa katika nomino hizo tu; lilikaa zaidi katika herufi moja yenye alama juu yake. Kabla ya kutafsiri «à», «de» au «lié à», tuulize nani alitenda nini, na kitu kilikwenda wapi. Kama hatujui, tumuulize anayejua. Mimi sikuuliza, na waliochimba ni wengine.